Mkono wa Hamisi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana wa nyuma hawajaitikia. Mimi ni Gervas, fundi seremala wa hapa Kasingirima, mzaliwa wa Kalinzi. Wengi mnanijua kwa vitanda na makabati, wengine mnanijua kwa karate, na minong'ono yenu kuhusu hiyo karate naisikia. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama kule tunakoinama tunaabudu kitu. Mama yangu, hatuabudu kitu. Nitaeleza, na mgeni wangu Hamisi, yule pale benchi la mwisho, atanisahihisha nikidanganya.

Zamani nilikuwa mtu wa hasira. Niliwahi kuvunja kiti nilichokitengeneza mwenyewe kwa sababu mteja alisema kimepinda. Karate nilikwenda kujifunza ili nipige watu vizuri zaidi, huo ndio ukweli. Tulifundishwa na Mzee Wilondja, aliyevuka ziwa zamani kutoka Kongo, katika ukumbi wa shule moja kule Ujiji. Sote tulimwita Mwalimu. Siku ya kwanza alinipa fagio, nifagie ukumbi. Kisha akatupanga, tukapiga magoti, tukainamiana. Alisema kuinama ni kumwambia mwenzako kwamba umekabidhiwa mwili wake kwa saa moja, na utaurudisha mzima. Na ngumi tuliyofundishwa inakwenda kwa nguvu zote, halafu inasimama kabla ya ngozi, upana wa kidole. Kupiga hata punda anaweza, alisema, kazi iko kwenye kusimama.

Nilijifunza miaka sita, nikapata mkanda mweusi. Mgongo niliinamisha kila siku, moyo sikuuinamisha hata mara moja.

Jumamosi moja nilikuwa nafanya mazoezi na Hamisi, mkausha dagaa wa Katonga, mtu mpole, mdogo kwangu kwa mkanda na kwa umbo. Akapata nafasi, ngumi yake ikagusa nguo yangu kifuani, kidogo tu. Wanafunzi wakapiga makofi, mmoja akacheka. Ndugu zangu, kile kicheko! Zamu yangu ilipofika nilirusha teke na sikulizuia. Hamisi alikinga kwa mkono wa kulia, mkono ukavunjika. Sote tulisikia.

Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu ya kushika mfupa. Nilidhani Mwalimu atanifukuza, na kwa kweli nilitamani anifukuze, yaishe. Lakini pale ukumbini kwetu kulikuwa na desturi ambayo sikuwahi kuiona ikitumika: ukimuumiza mwenzako kwa hasira, unafanya kazi yake mpaka apone. Mwalimu akaja kwenye karakana yangu, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mkono yake umeivunja," akasema. "Sasa weye ndiye mkono yake. Kesho asubuhi, Katonga."

"Mwalimu, nina kazi za watu hapa."

"Hamisi naye alikuwa na kazi."

Nilikwenda nimenuna. Asubuhi naanika dagaa wa Hamisi juu ya chanja, jua likipanda nawageuza, mchana narudi kwenye randa yangu nanuka samaki. Hamisi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akinielekeza kwa mkono mmoja. Mama yake, Bi Zena, alikuwa na kila sababu ya kunitukana, lakini alinipa ugali. Wanawake wa Katonga ndio walionimaliza. "Mkanda mweusi, geuza na huku!" "Wapige teke wakauke upesi!" Nilisaga meno. Nyumbani niliomba, na niseme wazi nilichoomba: mkono upone haraka ili niondoke pale.

Wiki ya tatu mvua ikaja ghafla, mchana kweupe, dagaa wakiwa wameanikwa. Mnajua dagaa wakilowa inavyokuwa. Kila mtu akakimbilia wa kwake. Mbebaji mmoja mwenye gunia kichwani akapita katikati, akaangusha chanja yetu nzima matopeni, na nilipomuuliza akanizaba kofi. Kofi! Mimi! Mbele ya wale wanawake! Ngumi yangu ikapanda yenyewe.

Hapo nikamwona Hamisi. Alikuwa pembeni yangu, anaokota dagaa kwa mkono wa kushoto. Sikuwa nimemwelekea yeye wala sikuwa na ugomvi naye. Lakini alipoona ngumi imepanda, aliufunika ule mkono wenye hogo kwa mkono mzima, akajikunyata. Wiki tatu tunakula sahani moja, na mwili wake bado ulikuwa unaniogopa.

Ndugu zangu, nimesikia mahubiri mengi juu ya dhambi, lakini siku ile niliiona kwa macho. Nikasema kwa sauti, "Yesu, nishike!" Sikuwa na maneno mengine. Ngumi ikasimama hewani. Mwalimu alinifundisha miaka sita, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ngumi yangu kusimama kweli. Nikaweka miguu pamoja, nikamwinamia yule mbebaji kama tunavyoinama ukumbini. Akadhani nimerukwa na akili, akaenda zake. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaanza kuokota dagaa huku nalia. Wale wanawake wakaja kuokota pamoja nami.

Wapo wanaoniambia, Gervas, umeokoka, achana na karate. Nawaheshimu. Lakini Bwana alinikuta naanika dagaa kwa adhabu ya karate, akanifungua palepale. Sasa Mwalimu amezeeka, magoti yamekataa, ameniachia darasa. Mwanafunzi mpya nampa fagio kwanza. Mzazi akiniambia anataka mwanawe ajue kupiga, namjibu kwamba tutaanza na kuzuia, na huenda tukachelewa sana huko. Hasira bado inabisha hodi, hasa mteja akisema kitanda kimepinda, ila siku hizi naiacha nje.

Hamisi alipona, akarudi mazoezini, akajitolea niwe namtumia yeye kuwaonyesha wanafunzi mapigo. Sijui nani mwingine angefanya hivyo. Lakini kila nilipoinua mkono, mkono wake wa kushoto ulikimbilia ule wa kulia. Hakukusudia. Miaka miwili, kila Jumamosi, sikumwambia kitu, naye hakuniambia. Niliomba jambo moja tu: Bwana, siku moja asimame mbele yangu bila hofu.

Jumamosi iliyopita niliinama, naye akainama. Nikarusha ngumi kwa nguvu zote, ikasimama upana wa kidole kutoka kifuani kwake. Mikono yake yote miwili ilikuwa imetulia ubavuni. Nikashindwa kuendelea na somo, wanafunzi wakafikiri nimeumia.

Ndiyo maana nimesimama leo. Namshukuru Mungu, namshukuru Mwalimu Wilondja, namshukuru Bi Zena kwa ugali ule. Na wewe uliyekaa hapo, kama nyumbani kwako yupo mtu anayejikunyata ukinyoosha mkono kuchukua hata kikombe, usiseme atazoea. Mwamini Yesu, kisha kesho asubuhi nenda ukafanye kazi yake.

Hamisi, ndugu yangu, simama. Waonyeshe mkono.