Mzee Phuti na Kitufe cha Magazini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutukera, Mzee Phuti Ramokgopa, fundi silaha wa kampuni yetu ya ulinzi hapa Polokwane, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Walinzi tumehuzunika mno; wengine tumekuwa tukiimba tangu Jumatatu.

Alianza kama mlinzi wa geti, akahamia ghala la silaha, na huko akapendana na kitufe cha kuachia magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini wa bastola. Kila asubuhi, kabla hujakabidhiwa bastola, sharti ukibonyeze mbele yake ikiwa haina risasi: magazini idondoke kiganjani, uirudishe, ilie "ta!", kisha uivute uone kama imeshika. Ukizembea, utaambiwa, "Mpwa wangu, bastola isiyo na magazini ni nyundo, tena nyundo mbaya." Foleni inafika getini, mzee hana habari.

Mwaka jana meneja aliagiza kila kitu king'ae siku ya ukaguzi. Sisi wenye akili tukazisugua bastola kwa nta nyekundu, ile ambayo mama zetu wanang'arishia baraza. Ziling'aa, jamani! Nta ikaingia kwenye vitufe, ikashikana na vumbi. Kitufe kikibonyea hakirudi, magazini inaporomoka yenyewe. Mzee alipogundua, akafunga ghala. Gari letu la kusafirishia fedha za wateja halikutoka, maana walinzi wake hawakuwa na silaha. Meneja akamwambia: kesho lisipotoka tena, utakwenda nyumbani bila kiinua mgongo. Nasi, wapenzi wake, tukamwita mchawi.

Alishinda pale akifungua kitufe kimoja kimoja, akikisugua kwa mswaki, akitia mafuta kidogo, akitutukana kwa ustadi mkubwa. Kwenye bastola ya Mokgadi, mlinzi wa gari la fedha, aliikuta springi ya kitufe imechoka, akaweka mpya na kuijaribu mpaka Mokgadi akachoka kusubiri. "Mjomba, unaikarabati au unaiposa?" Mzee akakibonyeza tena.

Kesho yake majambazi waliligonga gari la Mokgadi barabarani. Mlango ukambana kiunoni, pale pale kwenye bastola. Alipoichomoa, magazini ilikuwa mahali pake; springi ile ya zamani ingeidondosha. Alifyatua hewani, wakatimua mbio. Meneja, Mungu ambariki, alitueleza baadaye kwamba usafi wa silaha ulikuwa wazo lake.

Mzee, asante kwa kila tusi. Nenda salama kijijini kwako Moletji ukawasumbue mbuzi wako, na uishi miaka mingi ya kulala mpaka jua likuchome.

Nilimwomba Mokgadi sentensi moja ya kufungia wasifu huu. Huyu msemaji wetu, asiyeishiwa maneno, akafuta mistari miwili, kisha akaandika: "Mjomba, mimi nipo."