Nilivyoliliwa Nikipaka Gari Seramiki

Ndugu zangu wa hapa Kilole, asanteni kwa kunipa nafasi. Mwenyekiti ameniambia niseme taratibu, na kwa kuwa mimi ni dereva, taratibu ndiyo inayonishinda. Mtanivumilia.

Mimi ni mgane. Mke wangu alipofariki, majirani wa Masuguru walinifanyia kila kitu. Matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake, nami nikafunga mlango. Sikuwa na ugomvi na mtu. Natoka alfajiri, napeleka mizigo Handeni, narudi, naingia ndani. Mtu akinisalimia, namjibu kwa honi. Ndugu zangu, nawaambia, unaweza kuishi hivyo muda mrefu na usione kasoro yoyote.

Kasoro ilionekana kwenye gari, pikapu yangu ya milango minne. Jua na vumbi la njia ya Handeni vilikula rangi mpaka boneti ikapauka. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye ndiye nilikuwa nikimbebea mizigo, akaniita. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Bwana, mimi nakuamini," akasema. "Lakini wageni wangu utawabeba na gari hii? Jumapili ikija safi, wageni ni wako na kazi ya duka inaendelea. Ikija hivi, nitatafuta mtu mwingine. Usinilaumu."

Sikumlaumu. Lakini kazi ya duka ndiyo pekee iliyokuwa imebaki. Ikiondoka, nauza gari, narudi Handeni kulima mahindi ya kaka yangu.

Fundi rangi alitaka kukaa na gari wiki nzima. Dereva mwenzangu ndiye aliyenitajia seramiki. Ni dawa ya kichupa kidogo, unaipaka juu ya rangi iliyosuguliwa, inakauka na kuwa ngumu. Vumbi halishiki, maji yanateleza. Ila ina masharti kama mwali wa ndani: isipigwe na jua, isiguswe na vumbi, isipate umande usiku wa kwanza. "Hiyo kazi ya gereji," akaniambia. Mimi gereji sina. Nina uwanja, na mbele yake barabara ya vumbi.

Ijumaa sikusafiri. Nikaosha gari, nikalisugua mpaka rangi ikaamka. Kisha nikachukua turubai langu la kufunikia mizigo, nikalifunga kwenye miti mbele ya nyumba, na upande wa barabarani nikalishusha mpaka chini. Nikatoa viti vya sebuleni nje, nianike vitambaa vya kufutia. Mlango nikaufunga, nikajificha huko ndani ya turubai na gari langu. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Mimi sikung'amua kitu.

Seramiki inapakwa kipande kwa kipande. Unapaka, unangoja ing'ae rangi rangi kama mafuta ya taa juu ya maji, halafu unafuta upesi. Ukichelewa inaganda, inaacha alama. Nilikuwa ndiyo kwanza nimepaka boneti, nikasikia kiti kinavutwa huko nje, na mtu analia.

Alikuwa bibi wa nyumba ya pili. Sauti yake naijua. "Jamani, mtoto wa watu! Amekufa peke yake utadhani hana majirani!"

"Juzi tu kanipita hapa, kanipigia honi," akasema mama mwingine. "Nikasema moyoni, nitampelekea hata ugali. Sikupeleka."

"Mjukuu wangu alipozidiwa na homa," bibi akaendelea, "nani aliyetukimbiza hospitali? Na mkewe mwenyewe yuko kitandani!"

Hilo nilikuwa nimelisahau kabisa. Ndipo nikafahamu kwamba wameona turubai na viti nje wakadhani ni matanga, na msiba ni wangu. Nilitaka kutoka, lakini boneti ilikuwa imeshaanza kung'aa. Nikafuta. Machozi yananitoka, nami nageuza uso yasidondokee boneti. Niliona aibu, na nilifurahi. Vyote viwili.

Nilipomaliza nikainua turubai. "Shikamoo, bibi."

Wakapiga yowe. Aliyebeba unga akautupa. Bibi alibaki amekaa, mikono kichwani.

"Wewe ni mzima?"

"Mzima, bibi. Napaka gari."

"Unapaka gari!" Akavua khanga ya begani, akanichapa nayo mpaka akachoka, ndipo akanikumbatia.

Mnajua wenyewe, watu wakishaleta kuni msibani hawarudi nazo. Wakabandika sufuria. Upepo ulipoanza, wanaume wakashika pembe za turubai. Kina mama wakamwagia uwanja maji ili vumbi litulie, na bibi akasimama barabarani kuwagombeza bodaboda wapite polepole. Nikamalizia milango yote hivyo, huku napewa maelekezo na watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli. Turubai tukaliacha mpaka asubuhi.

Jumapili mzee wa duka akapitisha kiganja juu ya boneti, akakitazama. Kisha akaita watu wafunge maua. Kazi yake ninayo mpaka leo. Mlango mmoja wa nyuma una alama, pale nilipochelewa kufuta kwa sababu ya kucheka.

Nawashukuru majirani wa Masuguru, walionililia na kula ugali wa msiba usiokuwepo. Ninyi mliofiwa kama mimi, nawaambia hivi: ukijifungia sana, walio nje hawajui kama umelala au umekufa, na wewe hujui kama unapendwa. Na ukiwa na neno jema la mtu, mpelekee akiwa bado anaweza kulijibu.

Yule bibi tulimzika Kwamndolwa majuzi. Gari langu ndilo lililombeba. Wengine walisema mema yake pale kaburini, mimi nikanyamaza. Yangu nilikuwa nimekwisha kumwambia, mlangoni kwake, naye akanijibu kwamba nimeanza kuwa msumbufu.