Nusu ya Pili ya Mama Nadharia

Marehemu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Nadharia akiwa amewapa mgongo, na baadaye hata akiwa anawatazama, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika chumba cha nyuma cha zahanati ambako mama yake alikuwa mfagizi. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu.

Alisoma kwa bidii, jambo linalosemwa juu ya kila marehemu. Kwake lilikuwa kweli. Alihitimu chuo cha uuguzi mwaka 1972, akapangiwa wodi ya wanaume.

Huko alilazwa mzee mmoja, fundi cherehani, aliyepooza upande mmoja. Asubuhi moja matroni alimkuta marehemu ameketi kando ya kitanda, mikono mapajani, mzee akihangaika na kifungo cha shati.

"Binti, umekuja kutazama sinema?"

"Nafanya kazi, Sista."

"Kazi gani hiyo ya kukaa?"

"Muache," mzee akadakia. "Kifungo nafunga mimi, yeye ananishikia moyo."

Hiyo ndiyo nadharia aliyoifundisha chuoni kuanzia 1984 hadi alipostaafu 2011: usimfanyie mgonjwa anachoweza kufanya mwenyewe, ila kaa naye karibu anapojaribu. Mtihani, alioutunga yeye, uliuliza nusu ya kwanza tu, kwa kuwa ilikuwa rahisi kusahihisha. Wanafunzi walifaulu vizuri sana.

Mwaka 1976 aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, mtu wa utani, aliyelalamika hadi alipofariki 2015: "Nilioa muuguzi nikidhani nitadekezwa. Nikiomba maji naambiwa mikono unayo."

Januari mwaka huu alipata kiharusi, akalazwa katika wodi aliyokuwa akiwapeleka wanafunzi kujifunza. Wauguzi wa zamu walikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, wachache, wagonjwa wakiwazidi hadi wengine kulala sakafuni. Kikombe chake kiliwekwa juu ya kabati, mahali ambapo angefika kama angejivuta. Mdogo wake alipouliza, muuguzi mmoja alimjibu kwa adabu zote.

"Mama mdogo, tunamhimiza ajitegemee. Si ndivyo alivyotufundisha?"

Marehemu, ulimi ukiwa mzito, akasema, "Na nusu ya pili?"

"Ipi, Mama?" muuguzi akauliza, wala hakuwa anatania.

"Hiyo sikuwauliza," marehemu akasema, akageukia ukutani.

Tarehe 9 Februari alijivuta kufikia kikombe, akaanguka, akavunjika nyonga. Hapakuwa na mtu karibu. Alifariki tarehe 21. Wodi imeleta shada la maua na salamu zinazomsifu kwa moyo wake wa kujitegemea.

Ameacha mdogo wake, anayesoma haya, watoto wawili, wajukuu wanne, na wauguzi wasiohesabika. Baadhi yao wapo hapa, wamesimama kule nyuma, mbali na jeneza. Tunawaomba wasogee.

Mungu ampumzishe. Kwa hili, asiachwe ajaribu mwenyewe.