Utakatifu wa Sentimita

Benchi letu liko kati ya mlango wa fundi cherehani na mlango wa kinyozi, upande wenye kivuli mpaka saa nane mchana. Mguu wake mmoja ni wa mbao na mwingine ni matofali mawili, kwa hiyo mtu mnene akiinuka ghafla, waliobaki huteremka kidogo. Mimi ndiye mwenye jiko na kahawa, na wananiita Mama Birika. Wanaokaa hapo kila siku ni watatu. Fundi cherehani tunamwita Sentimita, maana hawezi kukusalimu bila kukupima mabega kwa macho. Kinyozi ni Wembe. Wa tatu ni Stempu, mzee aliyefanya kazi posta miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akakosa pa kwenda asubuhi. Kwa kawaida hubishana juu ya mpira, dawa ya meno, na kama samaki hulala. Wiki ninayoisimulia walibishana juu ya utakatifu tu, na aliyeanzisha ni Sentimita.

Jumapili ile kanisani kwao alikuja mhubiri mgeni. Akasema siku ya Bwana haitapiga hodi, itamkuta kila mtu vile alivyo. Wengine waliitikia amina wakaenda zao kula. Sentimita alitoka na maneno yale mawili, "vile alivyo", akalala nayo, na Jumatatu asubuhi akafungua duka akiwa ndani ya suti yake ya harusi.

Suti yenyewe alioa nayo miaka ishirini na miwili iliyopita. Koti lilikataa kufunga, na suruali ilimlazimu kukaa kwa awamu. Nilimuuliza kama kuna msiba au kuna harusi. Akanijibu, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, kwamba hana mpango wa kukutwa na fulana iliyotoboka kwapani.

Wembe alicheka mpaka kahawa ikampalia. Halafu akaikumbuka kazi yake. Akasema kama ni hivyo, basi tatizo lake ni kubwa kuliko nguo. Siku ile ikimkuta katikati ya kichwa cha mtu, mteja atasimama mbele ya malaika nusu ana nywele, nusu hana, na akiulizwa nani amemfanya vile, atamtaja nani? Tangu siku hiyo Wembe akawa ananyoa kwa haki: mstari mmoja kulia, mstari mmoja kushoto, ili saa yoyote pande zote mbili zilingane. Mteja mmoja alijitazama kwenye kioo kazi ikiwa katikati, akainuka akaenda zake na shuka la kinyozi shingoni. Halijarudi mpaka leo.

Stempu aliwasikiliza wote wawili kwa huruma. Akasema hayo ni mambo ya juu ya bahasha. Jambo lenyewe ni jina. Yeye alibatizwa kwa jina moja, shuleni akaandikwa jingine, kazini jingine, na hapa kijiweni ni Stempu. Katika miaka yake ya kazi ameona barua nzuri kabisa, zenye mwandiko safi na habari za maana, zikirudishwa zilikotoka kwa kosa la jina tu. Siku hiyo hiyo akamwandikia katibu wa kanisa, nakala tatu, akiomba majina yake yote manne yaunganishwe. Katibu alimjibu kwa adabu kwamba daftari analoliwaza mzee halitunzwi ofisini kwake.

Jumanne Sentimita akaongeza. Kama safari ni ya kwenda juu, alisema, uzito nao una maana. Akatoa mifukoni mkasi, chaki, sindano, funguo, na kipande cha sabuni ambacho hata yeye hakujua kimefikaje. Wembe akamuuliza basi na lile tumbo je. Sentimita alitaka kumtukana, tukaona kabisa tusi likimpanda, akalimeza. Jioni akanieleza kwamba amejichunguza siku nzima na amegundua kitu: akiwa macho, haipiti robo saa bila kukosea, kwa mdomo au kwa moyo. Akilala, hakosei hata kidogo.

Kwa hiyo Jumatano alilala. Saa nne asubuhi alijinyoosha kwenye benchi na suti yake, mikono kifuani, miguu pamoja. Kina mama wawili waliokuwa wakipita walisimama, wakaniuliza taratibu anazikwa saa ngapi.

Alhamisi ndipo mambo yalipobadilika. Alikuja mwalimu wa kwaya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha hata anapoomba maji. Miezi miwili nyuma alikuwa amemletea Sentimita kitambaa cheupe cha majoho kumi na mawili, ya waimbaji wapya ambao wangesimama mbele ya kanisa Jumapili kwa mara ya kwanza. Kila alipopita kuulizia, aliambiwa yako tayari, imebaki vifungo tu. Kila mwenye fundi anaijua hiyo "imebaki vifungo tu". Mwalimu akauliza kama kawaida. Sentimita akainuka, kwa awamu.

— Mwalimu, sijakata hata moja, alisema. Ile habari ya vifungo ilikuwa uongo. Na ile ya cherehani kuharibika ilikuwa uongo pia. Kitambaa chenu nakilalia mchana.

Mwalimu wa kwaya alikaa kwenye benchi bila kuangalia anakalia nini. Mtu mwingine angekomea hapo. Lakini Sentimita alikuwa ameonja ukweli, uso unamng'aa kama mtu aliyevua kiatu kinachobana, akaendelea. Akamwambia hata lile gauni lake la mwaka jana, lenye mkono mmoja mrefu, kosa halikuwa la bega lake kama alivyomwambia. Mkono ulikatwa vibaya. Bega lake halina shida yoyote.

Mwaka mzima yule mama alikuwa akitembea ameinua bega la kushoto ili gauni likae sawa. Sote tulikuwa tumeshazoea. Akalishusha polepole, mbele yetu, na hakuna aliyethubutu kumtazama usoni.

Ndipo akatoka mke wa Sentimita, ambaye sote tunamwita Shemeji, ameshika pasi ya moto. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka chumba cha nyuma.

— Baba, umeshatubu?

— Nimetubu, mke wangu. Najisikia mwepesi kabisa.

— Vizuri. Sasa vua koti ukate kitambaa.

Sentimita akajitetea kwamba akilivua anaweza kukutwa bila koti. Shemeji akanyoosha mkono kulipokea koti.

— Ukikutwa unawashonea watu nguo ulizowaahidi, sidhani kama utaulizwa koti liko wapi.

Nimekaa pale kijiweni miaka tisa na sijawahi kusikia neno likaingia kwa mtu namna ile. Sentimita alivua koti, akalikunja, akampa. Akaingia chini ya meza kuvuta kitambaa.

Siku mbili zilizofuata hakuna aliyekaa bure. Mwalimu wa kwaya alishona mapindo kwa mkono, bega lake likiwa limetulia. Wembe alipewa kukata, akakata vizuri sana, ila ilibidi azuiwe kukata kidogo kulia na kidogo kushoto. Stempu alitunga uzi kwenye sindano na kubandika karatasi yenye jina la mwimbaji kwenye kila joho, jina kamili, na chini yake jina la mtumaji. Shemeji alipiga pasi na kutukemea. Mimi nilikuwa napeleka kahawa na kuwaombea wasimwagie kitu cheupe.

Midomo haikupumzika. Wembe aliuliza kama mbinguni nywele zitaota. Wakakubaliana haziwezi kuota, kwa sababu kule hakuna kinachozidi wala kupungua. Wembe akasema basi hakuna kazi ya kinyozi. Stempu naye akawaza, akasema kama wote mko sehemu moja na mnaonana, barua za nini? Sentimita ndiye aliyeumia zaidi. Alisema kama kila mtu amepewa vazi lisilochakaa, lisilobana, limemkaa sawa tangu siku ya kwanza, basi hata kupima hakuna. Baada ya hapo walishona kwa huzuni kama saa nzima, na Shemeji akasema hajawahi kuona watu wanaolia msiba wa raha.

Majoho yalivaliwa Jumapili, nalisema sasa ili mtu asibaki na wasiwasi. Lakini kabla ya hapo, Jumamosi adhuhuri, kumi na moja yakiwa yamekamilika na la mwisho likiwa chini ya sindano, kulikuwa na mgeni kwenye benchi. Alikuwa mama wa makamo aliyehamia mtaani wiki ileile, ana sketi ya kuongezwa kiunoni. Aliambiwa asubiri, akasubiri, anakunywa kahawa yangu kidogokidogo na kuwasikiliza. Mwisho akaweka kikombe chini.

— Samahani, ndugu zangu, akasema. Mmejiandaa nguo, nywele, majina, mpaka uzito. Bwana akija sasa hivi, mtafurahi kumwona?

Cherehani ilisimama. Wembe aliutazama mkasi mkononi mwake. Stempu alikuwa anatunga uzi, na uzi ukapita pembeni ya tundu mara mbili, mara tatu. Sentimita, ambaye tangu Alhamisi alikuwa ameapa kusema kweli tu, alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Shemeji alisahau pasi mpaka mwalimu wa kwaya akamnyanyulia.

Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakanigeukia mimi, kwa sababu wiki nzima nilikuwa sijatoa maoni. Yule mgeni naye akanitazama, bila kejeli, kama mtu anayetaka tu kujua.

Nikafunika birika, nikawaambia kahawa imekwisha. Lilikuwa bado nusu.