Mama Mashine Anatuachia Printa Yatima

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia ofisi yetu ya maji, Mama Mashine, mkuu wa chumba cha uchapaji, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Ilitakiwa wasifu wake uandikwe na mtu mwenye cheo, lakini wenye vyeo wote walikuwa na vikao, kalamu ikaniangukia mimi, mlinzi wa geti. Mshukuruni Mungu. Wenye vyeo wangemsifia tu.

Aliajiriwa kama mpiga taipu, akiwa msichana mwembamba. Picha ipo, msibishe. Vidole vyake vilisikika mpaka getini kama mvua juu ya bati, hata wateja wengine walifungua miavuli kabla ya kutoka.

Printa yetu ya kwanza ya leza ilipofika, wanaume wanne waliipandisha ngazi kama bibi harusi. Mama Mashine akaitengea meza imara, mbali na vumbi la dirishani. Kisha akafanya kosa ambalo ni mtu wa nyumba yenye heshima tu angelifanya: akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe, cheupe, chenye maua pembeni, kama kochi la sebuleni. Maua yakaziba matundu ya kupumulia. Kabla ya chai printa ilikuwa inachemka, chumba kinanuka plastiki, wafanyakazi wanashuka ngazi mbio na mlinzi anapanda na ndoo ya mchanga. Tangu hapo kitambaa huvalishwa jioni tu, mashine ikishazimwa na kupoa. Kukiacha kabisa alikataa. Alisema hata printa haistahili kulala uchi.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama Mashine alitushtua sote. Karatasi lazima zipepewe kabla ya kuingia kwenye trei, zisije zikashikana. Paketi isikae sakafuni ikala unyevu. Karatasi ikikwama, ole wako uivute kwa pupa. Alikuwa akifoka kutoka mwisho wa korido: “Taratibu! Wewe ungekuwa mkunga, tusingezaliwa!”

Aliyeonja makali yake zaidi ni mhasibu wetu. Zamani, akiwa mgeni kazini, alibadilisha kasha la wino wa unga bila kuvuta ule utepe wa plastiki unaouziba, akachapa ankara za mtaa mzima. Zikatoka nyeupe pe. Mama Mashine akambatiza Maziwa, na jina likamganda kuliko la babake. Toka siku hiyo, kila mtu aliyelalamika kwamba printa haichapi aliulizwa swali moja kabla ya salamu: “Utepe umetoa?”

Sasa sikilizeni ya mwezi huu.

Mama Mashine hataki kustaafu akae barazani kuhesabu wapita njia. Amenunua printa yake ya leza, achape mitihani ya shule na barua za majirani. Nafasi iliyofaa nyumbani ni meza ya dirishani, na meza hiyo ni ya mumewe, fundi cherehani. Mzee alikubali kuhamia koridoni kwa sharti: mashine isipoleta kazi kufikia mwisho wa mwezi, cherehani inarudi mezani na printa itafutiwa uvungu wa kitanda. Mkuu wa ofisi akamtupia kamba. Kazi ya kwanza iwe kuchapa programu hii ya kumuaga, mradi alete ukurasa safi wa mfano kesho yake asubuhi. La sivyo, kazi ingekwenda duka la ng'ambo ya barabara.

Jioni ile mimi na Maziwa tulimpelekea maandishi nyumbani. Tulimkuta anatokwa jasho. Karatasi nyeupe zimetapakaa mpaka juu ya kochi. Alikwishabadilisha waya, akabadilisha karatasi, akaituhumu kompyuta, akautuhumu umeme. Mumewe amekaa pembeni, pini mdomoni, anaitazama ile meza kama mrithi anavyomtazama mgonjwa.

Maziwa aliokota karatasi moja, akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma. Miaka yote ile ilimpita usoni. Kisha, kwa adabu ya mtoto aliyelelewa, akauliza: “Shangazi, utepe umetoa?”

Mama Mashine alifungua mlango wa printa, akachomoa kasha, akavuta. Utepe ukatoka, mrefu, ukizidi kutoka. Mzee wa cherehani alicheka mpaka pini zikamwagika, tukatambaa sakafuni kumwokotea. Ukurasa uliofuata ulitoka na maandishi meusi tii, unang'aa, wa moto kama chapati. Mume wake akaushika, akausoma. Kisha akabeba taa yake na mkasi, akarudi koridoni mwenyewe bila kuambiwa.

Mama Mashine alitangaza kwamba habari hiyo haitatoka chumbani mle. Sote tuliitikia kwa vichwa. Nami nikaja kuiandika hapa, nikampelekea aichape.

Kwa hiyo wewe unayesoma aya hii ujue jambo moja. Mwenye mashine ameisoma kabla yako. Alikuwa na kidole cha kuifuta na hakuna ambaye angejua. Lakini alipepea karatasi, akabonyeza, akatuchapia aibu yake nakala za kutosha ukumbi mzima, safi, bila doa. Ndiyo kazi aliyotufanyia miaka yote: huchapa kilicholetwa, hata kikimuuma.

Asante, Mama Mashine. Umeondoka bila kumwaga unga, si wa kazi wala wa printa. Tunakuombea siku njema mbele: karatasi isikukwame, wateja wapange foleni, na mzee azidi kuipenda korido. Kitambaa chako tutaendelea kuivalisha printa kila jioni. Ikipoa.