Mwalimu Angèle Lotsove na Swali la Kila Asubuhi

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, Mwalimu Angèle Lotsove alimimina chai, akamuuliza mume wake, muzee Hippolyte Ngabu: "Baba Gustave, leo ni siku ya nini?"

"Siku ya chai bila sukari."

"Iyo haiandikwe kwa tablo. Siku kama ya leo, mwaka 1922, watu walifikia ngazi ya kaburi la mfalme mumoja wa Misri. Walimuzika na vitu vyake vyote. Sasa swali: weye wakikuzika, watakuwekea nini?"

"Sukari," muzee akajibu. Mama akacheka mpaka chai ikamwagika.

Muzee hakusoma. Lakini miaka yote swali la wanafunzi lilipita kwanza kwake. Akikosa la kujibu, mama alilitupa.

Mama alizaliwa Kilo, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa mchimba dhahabu. Alisoma kwa masista, akapata diplome d'État, cheti cha kumaliza sekondari, mwaka 1980. Mwaka 1983 aliolewa na Hippolyte, muuza samaki wa chumvi wa Tchomia. Watu walimcheka: "Mwalimu mzima, kwa harufu ile?" Aliwaambia pua huzoea.

Alifundisha Djugu hadi vita vilipowatoa, Machi 2018, kisha katika shule moja ya msingi hapa Bunia. Kila asubuhi aliandika kwenye tablo, ule ubao wa darasa, tarehe, jambo lililotokea siku kama hiyo, na swali. Watoto walijibu katika kaye, madaftari yao, kabla ya hesabu.

Machi 2023 aliandika: "Siku kama ya leo kijiji chetu kilichomwa. Weye ulibeba nini?" Watoto, wengi wao waliokimbia Djugu pia, wakaandika: sufuria. Mdogo wangu. Kuku mmoja. Mkurugenzi wa shule akaingia, akafuta tablo kwa mkono wake mwenyewe.

"Madame, unaamusha wafu."

"Hawajalala, Directeur."

Kesho yake mama akaondolewa darasani. Walimu wenzake walitazama viatu vyao.

Alingoja kuitwa. Kila asubuhi alivaa nguo za shule, akamuuliza muzee swali, akaketi. Hakuna aliyemwita. Tension, presha ya damu, ilipanda mwaka ule, haikushuka tena. Jumanne ile, saa sita mchana, alianguka jikoni. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 6.

Leo tunapomzika, shule imeleta shada kubwa la maua na hotuba ndefu. Asante. Shada libaki juu ya udongo. Hotuba imechelewa.

Ameacha mume, watoto wawili, Gustave na Bénédicte, wajukuu, na watoto wengi ambao siku hizi hakuna anayewauliza kitu. Udongo umpokee polepole. Alishakimbia vya kutosha.

Ndani ya sanduku muzee ameweka kitu kimoja tu, kama alivyoagizwa. Maana asubuhi ile, chai ilipokwisha kupanguswa, alimrudishia mama swali lake: "Na weye je?" Naye akasema:

"Munitilie chaki moja. Maua, wataleta wale walionifutia tablo."