Anapokea Mtoto, Anarudisha Mtoto

Kijiwe kiko kati ya banda la kinyozi na geti la chuo cha kompyuta: ubao mmoja juu ya matofali, na birika la kahawa ambalo halijapoa tangu asubuhi. Saa saba na nusu mchana huo, wenyewe wa kijiwe walikuwepo. Katiba, fundi viatu, ajuaye sheria ya kila kitu isipokuwa ya kumaliza kiatu siku aliyoahidi. Nusu Kikombe, karani mstaafu, anayeagiza nusu na kunywa mara tano. Na Kinyozi, aliyetoka na mashine ya kunyolea mkononi kusikiliza kidogo tu. Mwisho wa ubao alikaa Mwanachuo, mtoto wa miezi minane magotini, daftari juu ya mtoto. Mtihani wa vitendo ulikuwa saa nane, ni wa marudio, na marudio hayana marudio, akianguka leo nafasi imekwenda, na shangazi aliyeahidi kushika mtoto ametuma ujumbe kwamba mgongo umemkamata, hainuki, na chumba cha mtihani hakiingizi mtoto. Alikwisha kuyasema yote hayo kwa pumzi moja. Kijiwe, kama kawaida yake, kikashika lile lisilo na haraka.

— Mtihani wenyewe wa nini? aliuliza Katiba.

— Delegeti, jeneriki na kolekisheni, alisema Mwanachuo, lugha ya kompyuta, ndiyo nilikuwa najizoeza hapa. Delegeti ni programu inakabidhi kazi bila kujua nani ataifanya, jina haiulizi, inauliza mawili tu, unapokea nini na unarudisha nini, vikilingana basi kazi ni yako, na hapo ndipo nilipoanguka mara ya kwanza.

— Hiyo tunayo siku nyingi. Mimi napokea kiatu, narudisha kiatu.

— Changu kina miezi miwili, alisema Nusu Kikombe.

— Kupokea nimepokea.

Nusu Kikombe akasogeza kikombe kiongezwe.

— Na hiyo jeneriki, mwanangu?

— Ni kama chombo, mzee. Unakiunda mara moja, hujasema kitatiwa nini. Siku ya kukitumia ndipo unasema.

— Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga walisema haba ya nini? Hawakusema. Wale walikuwa wanaandika jeneriki.

— Lakini ukishasema ni cha mchele, mchanga kompyuta inaukataa.

— Basi mwenye duka letu hana kompyuta, alisema Kinyozi.

Katiba alikwisha kupamba moto.

— Kolekisheni, mkusanyiko wa vitu, mimi naijua hata bila chuo. Makaburi. Unaongeza, hutoi. Na serikali ni delegeti: inapokea, ila upande wa kurudisha walisahau kuandika.

— Ipo ya hivyo, alisema Mwanachuo. Isiyorudisha kitu. Inaruhusiwa.

— Mnaona? Mimi ningefaulu.

Mwanachuo akatazama saa ya simu. Dakika kumi na tano. Mtoto alikuwa anatafuna kona ya daftari, ukurasa wa delegeti.

— Jamani, alisema, mimi nataka delegeti mmoja tu, anapokea mtoto, anarudisha mtoto, saa mbili, basi.

Kijiwe kikamtazama mtoto.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, alisema Katiba. Saa mbili na mimi, huyu atakuwa mbishi mpaka uzeeni. Namwonea huruma.

— Tufanye orodha, alisema Nusu Kikombe. Kila mmoja robo saa, anampa mwenzake.

— Hiyo ni foleni, si orodha, alisema Mwanachuo. Na foleni ina wa kwanza.

— Wa kwanza Kinyozi. Kijana, ana nguvu.

— Mimi nina mteja, alisema Kinyozi.

Hapo ndipo wote walipokumbuka kwamba kweli alikuwa na mteja. Mteja alikuwa amesimama mlangoni mwa banda, kitambaa cheupe shingoni, upande wa kulia wa kichwa umenyolewa ukameta, upande wa kushoto nywele za miezi miwili.

— Samahani wazee, alisema. Huyo mtoto akijichafua, nani kati yenu anajua kumbadilisha nepi?

Nusu Kikombe akachungulia ndani ya kikombe. Katiba akavuta kiatu, akaanza kukishona. Kilikuwa kile cha Nusu Kikombe.

— Mimi ninao wanne, alisema mteja. Mkoba wake uko wapi?

Mwanachuo akamvuta mtoto kifuani, jina la mteja halijui, kwake hakujui, na mtoto ni huyu huyu mmoja. Akamtazama Kinyozi.

— Huyo namnyoa tangu hajaoa, alisema Kinyozi.

Mteja akampokea mtoto, mkono mmoja chini, mmoja mgongoni. Mtoto akashika kitambaa cheupe, akakitia mdomoni, akatulia. Mwanachuo akainuka na daftari lake lenye mate.

— Kaka Kinyozi, huo upande wa pili usiuguse mpaka nirudi.

Kinyozi akaiangalia mashine. Mteja akajipapasa kushoto, kisha kulia.

— Sawa, dada, alisema. Hivi nilivyo, nitakwenda wapi?

Mwanachuo akavuka mbio. Ndani wakampa kiti cha dirishani. Kabla hajawasha kompyuta akatupa jicho nje: nusu ya kichwa ilikuwa inameta juani, palepale kwenye ubao.